Sheria Ndogo za Ujenzi na Kinga ya Moto: Wajibu wa Halmashauri na Wajibu wa Mwananchi

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa umma na wakaazi wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wetu, kwani ingawa yamezungumzwa bara, tena milimani, yaliyomo yanatuhusu sisi wa visiwani vile vile.)



  Nimeombwa nizungumze juu ya sheria ndogo za ujenzi na kinga ya moto. Najua kuwa jambo hili likitajwa wengi hufikiria faini, mgambo na alama ya X nyekundu ukutani. Madhumuni ya mazungumzo yangu ni kueleza kuwa sheria ndogo iliyotungwa vizuri ni mkataba baina ya majirani, na kwamba wa kwanza kuutii mkataba huo anapaswa awe Halmashauri yenyewe.

Miji inayobadilika

Ndugu wananchi, wazee waliopo hapa wanakumbuka nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, kila moja ikisimama peke yake katikati ya migomba. Nyumba ile ilikuwa nyepesi kuungua, lakini ilipoungua iliungua peke yake. Migomba ile ya kijani na nafasi ile baina ya mji na mji ndiyo iliyokuwa kinga yake, na hapakuhitajika Halmashauri kuitungia sheria.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nyumba zikasogeleana kando ya barabara. Baadaye matofali ya kuchoma na mabati yakachukua nafasi ya miti na nyasi, na kampeni za nyumba bora zikashika kasi nchini. Hayo ni maendeleo, wala hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini tulipobadilisha nyumba hatukubadilisha hesabu ya hatari. Maduka ya katikati ya mji yanashirikiana ukuta mmoja na mara nyingi dari moja. Moto ukiingia darini katika duka la kwanza, mwenye duka la tano hana habari hata aone moshi juu ya kichwa chake.

Yako mambo mawili mapya yanayofanya mazungumzo haya yasingoje. La kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea mitambo ya dizeli, na umeme ulikuwa wa kupimapima. Mwaka 2022 zikaunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wa uhakika umeleta mashine za kusaga, mashine za kuchomelea vyuma, majokofu na saluni, na vingi kati ya vitu hivyo vimefungwa katika nyumba ambazo nyaya zake ziliwekwa kwa ajili ya taa tatu na redio. La pili ni barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu. Lami huleta saruji na nondo kwa wepesi, na saruji na nondo huleta ghorofa. Fundi aliyejenga nyumba za chini kwa miaka ishirini bila ya lawama, kesho ataambiwa aongeze ghorofa juu ya msingi ule ule. Kama hakuna wa kumuuliza kibali, ataiongeza.

Sheria inasemaje

Wako watumishi wenzangu wanaodhani kuwa mambo ya moto yameondoka mikononi mwa Halmashauri. Naomba nieleze kwa ufupi.

Halmashauri zetu zinafanya kazi chini ya sheria mbili za mwaka 1982: Sheria Na. 7 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), na Sheria Na. 8 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji). Kibondo inaongozwa na ile ya kwanza. Kasulu, yenye Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, inazihitaji zote mbili. Sheria hizo zinawapa Madiwani uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa ajili ya usalama, afya na utaratibu mwema wa watu wao.

Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya mamlaka za miji. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hivyo gari la kuzima moto, askari wake, ukaguzi wa kinga ya moto na cheti chake ni kazi ya Jeshi. Lakini uwanja, ramani, kibali cha kujenga, upana wa njia, mpango wa soko na ujenzi wa shule za umma vimebaki kuwa kazi ya Halmashauri, ikisaidiwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni zake.

Angalieni basi hali ilivyo. Askari wa zimamoto anafika na gari lake, anakuta uchochoro haupiti hata mkokoteni. Uchochoro ule haukuzibwa na Jeshi. Ulizibwa siku mtu alipojenga kibanda cha pili mbele ya cha kwanza, na mkusanya ushuru akakikatia stakabadhi. Moto huzimwa na Jeshi, lakini njia ya kuufikia hutengenezwa na Halmashauri miaka kumi kabla haujawaka. Na kwa kuwa kutoka Kasulu hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 100, na vijiji vyetu vimetawanyika huku na huku milimani, ziko nyumba nyingi ambazo gari halitawahi kuzifikia kwa wakati hata nia ikiwa njema. Nyumba hizo hazina mlinzi mwengine ila namna zilivyojengwa.

Mafunzo ya wenzetu

Ndugu wananchi, sikuja kukutisheni. Lakini mwenye kutunga sheria bila ya kutazama yaliyotokea hutunga maneno matupu.

Usiku mmoja wa Juni 1994, katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga mkoani Kilimanjaro, wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini. Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari ya Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa kwa moto uliohusishwa na mshumaa wa kusomea. Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, ambako hakuko mbali na hapa. Mikoa mitatu, miaka ishirini na sita, na habari ni ile ile: usiku, watoto, bweni.

Jirani zetu wa Kenya wana funzo kubwa zaidi. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos. Serikali yao ikatoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008. Mwongozo huo unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Ni mwongozo mzuri. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika bweni la shule moja katika Kaunti ya Nyeri. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita tangu mwongozo kuchapishwa. Kwa hivyo tusije tukasema kuwa kazi itakwisha siku Waziri atakapotia saini. Siku hiyo ndiyo kazi inapoanza.

Juu ya masoko, sote tunakumbuka Julai 2021 lilipoungua Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, mji wenye magari ya zimamoto mengi kuliko mji wowote nchini. Juu ya majengo, tunakumbuka ghorofa iliyoanguka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30, na nyengine iliyoanguka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20.

Na ardhi yetu hii nayo haijatulia. Kigoma imo katika Bonde la Ufa la magharibi. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga katika Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, kama hizi zetu. Tetemeko haliui mtu aliyesimama shambani. Kinachoua ni ukuta.

Mimi ni mtu wa visiwani, na sitaki mseme nimekuja kuwasema wengine na kuwasahau watu wangu. Kwetu Unguja lipo jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Liko mbele ya bahari na ni fahari ya kila mtu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na mafundi wawili waliokuwa kazini wakafariki. Jengo hilo ni mali ya Serikali, nalo limo ndani ya eneo lililowekewa mamlaka yake maalumu ya uhifadhi tangu mwaka 1985. Nalitaja ili tukumbuke kuwa jengo halilindwi na umri wake, wala na heshima yake, wala na jina la mwenye nalo.

Mfano ulio mlangoni penu

Lakini hamna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nyinyi mmekaa na wakimbizi kwa miongo kadhaa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, iliwahi kufungwa, na mwaka 2015 ikafunguliwa upya kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Burundi.

Mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi unasema kuwa katika kambi, kila baada ya mita 300 za makaazi, paachwe nafasi tupu ya upana wa mita 30 ili moto usivuke. Unataka pia baina ya kibanda na kibanda pawe na mita zisizopungua mbili, na ikiwezekana nafasi iwe mara mbili ya kimo cha kibanda. Utekelezaji wake katika kila kambi ni jambo jengine. Lakini fikirini: turubai la mtu aliyekimbia vita, linalotarajiwa kukaa miezi michache, limewekewa kanuni ya nafasi. Je, kibanda cha mama anayeuza vitenge sokoni, ambacho kimesimama miaka kumi na tano na ndicho kinachosomesha watoto wake, kimewekewa nafasi gani?

Yanayopaswa kuwemo

Ndugu Waheshimiwa Madiwani, ushauri wangu ni kuwa sheria ndogo iwe fupi. Kitabu kikubwa kilichonakiliwa kutoka mji mkubwa kitakaa kabatini. Afadhali mambo sita yanayojulikana na kila fundi kuliko mia sita yasiyojulikana na mtu.

Kwanza, kibali kabla ya msingi. Ramani ionekane na eneo likaguliwe kabla ya kuchimba. Kumzuia mtu msingi ukiwa haujachimbwa ni nasaha, na kumbomolea nyumba iliyoezekwa ni msiba. Na kwa wale wanaotaka kuongeza ghorofa, kibali kitolewe kwa mchoro na usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa.

Pili, nafasi. Paachwe njia ya gari katika kila soko na kila mtaa mpya, na njia hiyo isigawiwe mtu kwa sababu yoyote, hata kwa siku za gulio.

Tatu, milango na madirisha. Bweni, ukumbi, nyumba ya ibada na nyumba ya wageni ziwe na milango miwili iliyo mbalimbali, ifungukayo kwa nje, isiyofungwa kwa kufuli watu wakiwa ndani. Madirisha ya mabweni yasiwe na nondo zisizofunguka.

Nne, umeme. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyumba ya biashara inayoongeza mashine ikaguliwe upya. Waya mmoja usipitishwe kutoka duka hadi duka kama kamba ya kuanikia nguo.

Tano, ukuta na paa. Msingi ufike kwenye udongo mgumu. Lenta izunguke nyumba nzima, isiishie juu ya mlango na dirisha tu. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya au vyuma ili upepo na tetemeko visizitenganishe. Fundi wa kweli anayajua haya yote. Anachohitaji ni sheria itakayompa nguvu ya kumjibu tajiri anayemwambia apunguze.

Sita, vyanzo vya moto. Petroli isiuzwe kwa chupa ndani ya nyumba ya kulala. Tanuri la matofali na jiko la mgahawa viwekewe umbali wake. Na kuanzia Juni hadi Septemba, nyasi zinapokauka, mtu asichome shamba bila ya kuwaarifu jirani zake na kufyeka mpaka.

Juu ya gharama

Najua swali linalokuja. Mtu atasema: haya ni mambo ya matajiri, mimi nalima maharage na mihogo, nitapata wapi saruji? Hili ni swali la haki na linataka jibu la haki.

Katika mambo sita niliyoyataja, mengi hayana bei. Mlango unaofunguka kwa nje unatumia bawaba zile zile za mlango unaofunguka kwa ndani. Kuacha hatua nne baina ya kibanda na kibanda hakuhitaji saruji. Kutochoma nyasi siku ya upepo hakuhitaji fedha. Kwa yale yenye gharama, sheria ndogo itenganishe nyumba ya mkulima na jengo linaloingia watu wengi. Mkulima apewe ushauri na muda. Mwenye nyumba ya wageni, mwenye shule na mwenye ghorofa watakiwe kutimiza sharti tangu siku ya kwanza, kwani wao wanapokea roho za watu wengine. Upo pia Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao kwa miaka mingi umefundisha ufyatuaji wa matofali ya kufungamana yanayopunguza saruji. Halmashauri iwaite wataalamu hao, iwakutanishe na mafundi wetu wa vijijini.

Na sisi watumishi tusemane kweli. Mara nyingi ni sisi tuliowafundisha wananchi kuikimbia sheria. Kibali kinachokaa miezi mezani humfundisha mtu kujenga siku za Jumapili na usiku wa mwezi. Mkaguzi anayefika mara moja, akachukua ada, asipande hata kutazama dari, huifanya sheria ionekane ni kodi yenye jina jengine. Faini isiwekwe katika makisio ya mapato. Halmashauri inayotarajia kupata fedha kutokana na makosa ya watu wake itasikitika watu wakiacha kukosea.

Serikali ianze nyumbani kwake

Ndugu zangu, hapa naomba niseme jambo linalonihusu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilitumwa kuandika habari za kufunguliwa bweni la wasichana katika shule moja, ambayo sitaitaja. Nikaandika kwa furaha. Nikataja idadi ya vitanda, nikasifu rangi za kuta, nikamnukuu mgeni rasmi. Nikaandika pia, na maneno hayo nayakumbuka vizuri, kwamba madirisha yamewekwa nondo madhubuti kwa usalama wa wanafunzi. Bweni lile lilikuwa na mlango mmoja. Nilipita mlango huo kuingia na nikapita huo huo kutoka, na halikunijia swali lolote moyoni.

Baada ya muda mwalimu mmoja mzee alinikuta akaniuliza: "Bwana Habari, ulipoandika zile nondo ni za usalama, uliwafikiria wezi peke yao?" Sikuwa na jibu. Tunashukuru kuwa halikutokea jambo, na baadaye nondo zile zilikatwa na mlango wa pili ukatobolewa. Lakini mimi nilikuwa nimeshatangaza hatari kwa jina la usalama, katika karatasi yenye nembo ya Serikali. Waliolijenga, waliolikagua, waliolifungua na mimi niliyeliandika, sote tulikuwa watumishi wa umma. Hapakuwa na mwananchi mkaidi hata mmoja wa kumlaumu.

Ndiyo maana nasema kuwa Halmashauri ikishapitisha sheria ndogo hii, jengo la kwanza kukaguliwa lisiwe la mfanyabiashara. Iwe ni ofisi ya Mkurugenzi yenyewe, kisha mabweni ya shule za umma, kisha vituo vya afya, kisha soko ambalo Halmashauri inakusanya ushuru. Matokeo yabandikwe ubaoni, mazuri na mabaya, pamoja na tarehe ya kurekebisha. Mwananchi akiona kuwa Serikali imejikagua na ikajiandikia kosa, hatasema kuwa anaonewa itakapofika zamu yake. Katika madrasa tulifundishwa kuwa kuondoa madhara hutangulia kuvuta manufaa. Naamini ndugu zetu Wakristo nao wamefundishwa kwa maneno yao kwamba mwenye kujenga ni mlinzi wa yule atakayelala ndani.

Hatua za kufuata

Kwa wale watakaorudi ofisini kuianza kazi, utaratibu ni huu. Wataalamu waandae rasimu kwa Kiswahili chepesi, wakishirikiana na afisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Rasimu itangazwe hadharani, sokoni, kwenye ofisi za kata, misikitini na makanisani, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni na pingamizi. Maoni yaandikwe na yajibiwe. Kisha rasimu ifike mbele ya Baraza la Madiwani, halafu ipelekwe kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Baada ya idhini yake hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na hapo ndipo inapokuwa sheria.

Vijiji navyo visingoje. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inazipa Halmashauri za Vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo zao, baada ya kuupa Mkutano Mkuu wa Kijiji nafasi ya kutoa maoni, na kwa idhini ya Halmashauri ya Wilaya. Jambo la kuchoma mashamba, la matanuri na la petroli ya chupa linaweza kuanzia huko, kwani wanakijiji ndio wanaojua upepo unatoka wapi na nani ana haraka na kiberiti.

Kwa wananchi, nawaomba mambo matatu usiku wa leo. Tazameni mlango wa chumba wanacholala watoto wenu mwone kama unafunguka upesi. Kumbukeni namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mwifundishe kwa watoto. Na siku rasimu itakapobandikwa, isomeni. Asiyeisoma leo ataisomewa kesho mahakamani.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walikusudia vijinga viwili vya moto, kwamba kimoja peke yake huzimika na viwili vikikutana huwaka. Lugha yetu imelipa neno hilo maana nyengine pia, ile ya hifadhi. Nami nawaachia maana zote mbili. Kinga ya Halmashauri peke yake haitoshi, na kinga ya mwananchi peke yake haitoshi. Zikikutana hizo mbili, watoto wa Kasulu na Kibondo watalala, na asubuhi wataamka kwenda shule.